Kerubo Kwenye Ziwa la Watu

Mimi nasema sana, najijua. Kerubo ndiye asiyesema. Tumeishi miaka sita katika apatimenti moja hapa Fridley, Minnesota, vyumba viwili na jiko moja, na kama si mimi kupiga domo, nyumba ile ingekuwa kimya Jumatatu mpaka Jumapili. Yeye ni Mkisii wa Nyamira, mimi ni Mhaya wa Muleba. Watu husema sisi Wahaya tunajisifu. Basi nitajisifu kwa jambo moja tu: hakuna mtu mji huu anayemjua Kerubo kunishinda mimi. Nilipomwomba ruhusa ya kuisimulia habari yake alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, lakini usiongeze chumvi, Ima." Nitajitahidi.

Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa Coon Rapids. Anawaogesha wazee, anawavisha, anawageuza kitandani wasipate vidonda, anawalisha chakula wasichokitaka. Huingia saa kumi na mbili asubuhi, na kama mwenzake wa jioni hakutokea, anabaki shifti ya pili. Meneja wake analijua hilo. Likitokea pengo, haangaiki na orodha, anampigia Kerubo. Mgongo umeanza kumwambia ukweli, anatembea mkono uko kiunoni. Nilikuwa nikimuuliza, "Wewe mwanamke, wazee wa watu unawageuza kila siku, wewe atakugeuza nani?" Anacheka kidogo, anavua viatu, analala na soksi.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinamla. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita. Wakati ule makaratasi ya Kerubo yalikuwa bado yako uhamiaji, na mwanasheria alimwambia bila kumung'unya maneno: ukitoka nje ya nchi, hurudi. Hakutoka. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, ndani ya chumba cha mapumziko kazini, mtandao wa kule ukikatika kila pasta alipofikia neno la maana. Mapumziko yenyewe yalikuwa nusu saa. Jeneza lilikuwa halijashushwa alipoitwa, mzee mmoja alikuwa amejichafua. Akaifunga simu, akaenda kumwosha yule mzee. Alipoifungua tena, watu wa kwao walikuwa wanakula wali.

Hakulia siku ile. Hakulia wiki ile, wala mwezi ule. Nilimpikia, nikamwimbia, nikamgombeza, nikaleta wanawake wa kanisani wakaketi naye siku tatu. Aliwahudumia chai.

Makaratasi yakatoka baada ya mwaka na nusu. Nikamwambia, haya, hakuna kizuizi tena, nenda ukamwone mama alipolala. Akasema mwakani. Mwakani ikafika, akasema mwakani. Na usidhani alikuwa hamtamani. Kila akipika mboga za managu alisimama na mwiko mkononi akasema, "Mama alikuwa anatia maziwa sasa hivi, kabla hazijalainika sana." Alisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili sufuria ikakaribia kuungua. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza waziwazi: unaogopa nini huko kwenu?

"Ima," akasema, "kwetu mtoto akikosa mazishi, siku akirudi anaingia akilia. Unaanza kulia huko barabarani, watu wanakusikia, wanatoka kukupokea. Hivyo ndio wanajua umefika. Sasa mimi nishuke kwa gari, macho makavu. Nitasimama hapo geti niwaambie nini?"

"Machozi yatakuja yenyewe ukifika."

"Miaka yote hii hayajakuja."

Kumbe haikuwa nauli, haikuwa kazi. Alikuwa anaogopa kwamba akifika kwenye kaburi la mama yake ataonekana mgeni, na mbaya zaidi, atajiona mgeni.

Kazini kwao kuna muuguzi Mchina. Jina lake la kwao ni refu, la kazini ni Fiona. Yeye na Kerubo hula pamoja mchana, kila mmoja na mkebe wake, wakionjana. Majira ya baridi yaliyopita, theluji imejaa mpaka magari hayaonekani, Fiona alimtazama Kerubo akiinuka kwenye kiti kwa kushika meza kwa mikono miwili. Akamwambia, "Nina shangazi kijijini kwetu. Nyumba yake iko kando ya ziwa, ana vyumba vitatu vya wageni, na mwezi wa tatu mwishoni huwa vitupu. Nenda ukalale." Kerubo alidhani ni mzaha. Fiona akatoa simu, akamwonyesha nyumba nyeupe zilizochorwa maua ya buluu ukutani, na nyuma yake maji mpaka macho yanachoka, ziwa wanaloliita Erhai.

Siku tatu hakusema kitu nyumbani. Ya nne, anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Ima, mtu anaweza kwenda mahali kulala tu?"

"Wazungu huenda."

"Na sisi?"

Sisi. Hapo ndipo penye kazi. Sisi wa Afrika Mashariki tulioko huku hatuna likizo, tuna safari mbili: kwenda nyumbani na kwenda msibani, na mara nyingi huwa ni moja. Ukisema unakwenda mahali kupumzika, kwanza watakuuliza kama unaumwa. Halafu watauliza mbona usiende kwenu. Na hilo swali la pili ndilo Kerubo asiloweza kulisikia kwa sauti. Kwa hiyo alipoomba wiki tatu kazini, na Makena, Mmeru wanayeimba naye kwaya, akamuuliza, "Kumbe unaenda nyumbani?", Kerubo wangu asiyejua kudanganya akajibu, "Eeh."

Neno moja tu, na Jumamosi mlango wetu haukufungwa. Nyote mnaoishi huku mnaijua desturi hii. Mtu akisemekana anakwenda nyumbani, hakuna anayemuuliza kama ana nafasi, yeye ameshakuwa posta. Sydney wa kanisani kwetu alileta viatu vya kumpelekea baba yake, vikubwa, vimefungwa utepe wa gundi kila upande, namba ya simu ya mzee imeandikwa juu kwa kalamu nene. Makena alileta vitamini za shangazi watatu. Mwingine alileta mashine ya kupimia presha. Kerubo alisimama mlangoni akipokea, "sawa, sawa, itafika," huku mimi nyuma yake namfinya mpaka vidole vinauma. Njia ya mwongo ni fupi, hilo tunalijua, lakini ya Kerubo ilikuwa na mizigo kilo thelathini. Tuliisukuma yote chini ya kitanda changu.

Jumapili wakamwita mbele kumwombea safari. Pasta George akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamkabidhi kwa Mungu tangu hapa mpaka Nairobi, tangu Nairobi mpaka Nyamira, mpaka kwenye kaburi la mama. Kerubo alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sydney alidhani ni Roho Mtakatifu, akaongeza sauti. Mimi nilitazama viatu vyangu muda wote.

Jumatano nikampeleka uwanja wa ndege, akaruka kwenda Uchina.

Yanayofuata sikuyaona, alinisimulia baadaye, kipande kipande, kwa miezi. Huko WhatsApp haifunguki. Hilo peke yake, alisema, lilikuwa nusu ya likizo. Kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la waliosoma pamoja, kundi la harusi ya mtu asiyemjua, yote yalinyamaza siku moja. Aliitazama simu mara ya kwanza, ya pili, kisha akaitia ndani ya begi, na hakuitoa ila kupiga picha.

Shangazi wa Fiona alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, miguu imara, sauti kubwa. Hakujua neno la Kiingereza. Alimpokea Kerubo, akamwangalia kuanzia kichwani mpaka chini, akamshika mgongoni palepale panapouma, akasema jambo refu kwa lugha yake, akampeleka chumbani, akamfunika blanketi saa nane za mchana. Kerubo alilala mpaka kesho yake adhuhuri. Alipoamka aliruka kitandani akitafuta sare ya kazi. Dirisha lilikuwa wazi, ziwa liko palepale, na hakuna mtu aliyekuwa anamngoja.

Siku zile, kwa jinsi alivyonieleza, hazikuwa na kitu ndani yake, na ndiyo maana anazitamani mpaka leo. Asubuhi anakaa uani chini ya mti wa jozi, anamenya maharage makubwa ya kijani pamoja na Shangazi. Mchana anatembea njia ya kando ya maji, ambako kuna miti iliyosimama ndani ya ziwa lenyewe, maji yamefika nusu ya shina, haijali. Upepo unavuma, wazee wamekaa kwenye benchi wanacheza karata, hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mara moja moja mtoto alimkodolea macho, bibi yake akamvuta mkono. Jioni Shangazi anachoma juu ya makaa jibini nyembamba kama chapati, anaizungusha kwenye kijiti, anampa. Kisha chai, vikombe vitatu, na lazima uvimalize vyote: cha kwanza kichungu kama mwarobaini, cha pili kitamu kina sukari na jozi, cha tatu kina tangawizi na kitu kinachowasha ulimi. Kerubo hakuelezwa maana yake, naye hakuuliza. Alikunywa.

"Unajua nilikuwa nafikiria nini pale?" aliniambia siku moja. "Nilikuwa nafikiria mama yangu hakuwahi kukaa hivi hata siku moja. Kutoka azaliwe. Kuchuma chai ya watu, jembe, watoto, kanisa, jembe. Mimi nimekaa zaidi pale kwa siku moja kuliko yeye maisha yake yote. Iliniuma, Ima."

"Ukalia?"

"Wapi."

Jambo jingine lilitokea na yeye mwenyewe hakulipanga. Shangazi alikuwa haachi kusema. Anamenya maharage, anasema. Anafagia, anasema. Kerubo alikuwa akitikisa kichwa tu. Siku ya nne au ya tano, bila kufikiri, akamjibu kwa Kikisii. Shangazi hakushtuka, aliendelea kwa lugha yake, Kerubo kwa ya kwake. Wakawa wanaongea hivyo kila siku, mmoja akieleza mambo ya majirani, nadhani, na mwenzake akieleza mambo ya Nyamira, na kila mtu ameridhika. Kikisii Kerubo hakuwa amekisema kwa kirefu tangu mama yake afariki. Na ndugu yake, Alfred, wanaandikiana tu, Kiswahili na Kiingereza, mambo ya shamba na mabati. Kumbe yale maneno yalikuwa bado yamo yote, hata ya kuchambia watu.

Halafu ikafika siku ya makaburi. Wachina wana siku yao mwanzoni mwa mwezi wa nne, familia nzima huenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Kerubo alikuwa hajui. Aliona asubuhi wana wa Shangazi wameingia na wake zao na watoto, kuku amechemshwa, wali umefungwa, machungwa yamo kwenye kikapu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alichelewa kidogo. Siku ya kumi na moja ndipo alipompa Kerubo mundu, akamwonyesha mlima kwa kidevu, twende.

Walipanda kwa saa nzima. Makaburi yako ubavuni mwa mlima, yanatazama ziwa. La mama yake Shangazi lilikuwa la mawe ya zamani, majani yamelimeza, maana mvua ilikuwa imenyesha. Kerubo alitegemea watu wainamishe vichwa, mtu aombe, mtu alie. Hakuna. Shangazi alichuchumaa, akaanza kukata, na huku anakata anamsemesha marehemu kwa sauti ileile anayowasemeshea majirani. Kwa uso wake, Kerubo alisema, ilikuwa wazi kwamba anamgombeza kwa jambo fulani. Watoto walikuwa wanakimbizana kati ya makaburi. Mtu alicheka.

Kerubo akachuchumaa upande wa pili. Akakata na mundu, halafu akauweka chini, akaanza kung'oa kwa mikono, maana mizizi mundu hauifikii. Udongo ulikuwa mwekundu, wa kuloa, ulimwingia kwenye kucha. Aling'oa mpaka jiwe likaonekana, akaendelea na la jirani ambalo hakuambiwa. Hakumbuki muda. Walipomwita kula, magoti yalikuwa yameganda na mgongo, mgongo ule, ulikuwa hauumi. Walimpa marehemu chakula kwanza, kisha wakakaa palepale majanini wakala wao, wakamjazia Kerubo bakuli mara tatu.

Shangazi akamsogelea. Akaligusa lile jiwe, akajigusa kifuani: mama yangu. Akamgusa Kerubo kifuani, akafungua viganja viwili: wako yuko wapi? Kerubo akaonyesha juu ya mlima, upande jua linakoelekea, mbali. Shangazi akauliza tena kwa maneno, polepole, na Kerubo akajibu kwa Kikisii kwamba bado hajaenda kumwona. Yule mwanamke akamshika mkono wenye udongo, akaufuta kwa aproni yake, kidole kimoja kimoja.

Alirudi Minnesota katikati ya mwezi wa nne, bado kuna theluji chafu pembeni mwa barabara. Jumapili ile ile, kabla hajapanga la kusema, likaja jambo la desturi nyingine. Anayetoka nyumbani husimama kanisani kutoa salamu. Pasta George akatabasamu, akasema, "Dada yetu Kerubo ametoka nyumbani. Karibu utupe salamu za Kenya."

Nilimshika sketi. Akautoa mkono wangu taratibu, akaenda mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Sina salamu za Kenya," akasema. "Sikwenda nyumbani. Niliwadanganya, na mkaniombea juu ya uongo. Nilienda Uchina, mahali hakuna mtu ananijua. Nililala. Nilikula. Halafu nikang'oa majani kwa kaburi la mama ya watu wengine, na la mama yangu sijawahi kuliona kwa macho. Mnisamehe."

Halafu nyuma kabisa Sydney akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Kwa hivyo viatu vya mzee vimeenda China?"

"Viko chini ya kitanda cha Ima," akasema Kerubo, na watu mia mbili wakanigeukia. Loo, siku ile nilitamani ardhi inifiche. Wengine wakaanza kucheka, pasta mwenyewe akacheka. Lakini Makena alikuwa hacheki. Alikuwa ameinama kwenye kiti cha mbele yake, mabega yanatikisika. Baba yake naye alizikwa yeye akiwa huku, jambo ambalo nilikuwa nalijua na nilikuwa nimelisahau. Nikatazama safu kwa safu, nikaanza kuhesabu ninaowajua waliozika kwa simu, nikaacha kuhesabu.

Majira ya joto yalipokuja Kerubo akawa na mazoea mapya. Akitoka kazini hupitia Moore Lake, hapa hapa kwetu, anakaa kwenye benchi na viatu vyake vya kazi akiyatazama maji. Mara nyingine nilimfuata na chupa ya chai. Watoto wa watu wanaogelea, mbwa wanabweka, magari yanapita barabara kubwa nyuma yetu.

"Unalikumbuka lile ziwa lako," nikamwambia.

"Nalikumbuka. Hata Shangazi namkumbuka. Usiku nasikia akisema."

"Basi rudi mwakani, si wamekukaribisha?"

Akatikisa kichwa. "Si ziwa natamani, Ima. Nilidhani ni ziwa. Natamani ile kazi. Natamani kumng'olea mama majani." Alikuwa ameikunjua mikono yake juu ya magoti, anaitazama. "Sitaki tena kujua kama nitalia. Wakitaka nilie, wataningoja. Nikifika nitapita, nitachuchumaa, nitang'oa majani yote, moja moja, hata ikiwa siku tatu. Hiyo naiweza. Hiyo mikono yangu inajua."

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mbele ya mbwa wa watu. Miaka yote nilikuwa nikimtafutia dawa ya macho, kumbe alihitaji kazi ya mikono. Tulikata tiketi ya mwezi wa kumi. Alinunua glavu za bustani, kisha akazirudisha dukani. Shangazi hakuvaa glavu, alisema. Safari hii mizigo ya watu ilisafiri kweli, na viatu vya Sydney vilikuwa vya kwanza kuingia sandukuni. Alfred akamwandikia kwamba atampokea Kisumu na gari. Wiki ya mwisho Kerubo alikuwa anatembea ndani ya nyumba akiimba chinichini, jambo nililokuwa sijalisikia kwa miaka.

Simu yake iliingia siku ya Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi kwangu, kule tayari ni alasiri. Nilikuwa nakoroga uji.

"Ima, nimefika."

"Mungu ashukuriwe. Ulilia?"

"Hapana. Watu walikuwa wamesimama geti wanangoja. Nikawasalimia, nikawapita. Nimekuja moja kwa moja nyuma ya nyumba. Niko hapa."

"Kwa mama?"

"Kwa mama."

Nilisikia upepo na kuku. Nikamwita jina.

"Hakuna majani," akasema.

"Nini?"

"Vigae, Ima. Limejengwa lote, juu na pembeni. Vigae vya rangi ya maziwa."

Mwiko uliniponyoka. Maana nilikumbuka, na najua yeye alishakumbuka kabla yangu. Mwezi ule wa mazishi Alfred alimtumia picha za vigae, rangi tatu, achague. Aliniletea simu mezani hapa hapa jikoni. Tulizitazama nusu saa nzima. Mimi ndiye niliyesema rangi ya maziwa, inapendeza na inatunzika. Yeye akamjibu Alfred waweke saruji nzito chini, imara, mama asiote majani kamwe. Siku ile tulijiona tumefanya jambo. Tulikula vizuri usiku ule.

"Wamejenga vizuri sana," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Nimezunguka mara mbili. Hakuna hata ufa. Nimekuja na mikono tu, Ima, na mama hana kazi ya kunipa."

Nikamsikia amepiga magoti, nikasikia kiganja chake kinapapasa vile vigae, kinapapasa, kinarudi. Halafu pumzi ikamtoka nzito, ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na nyuma yake ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka sita ya kuishi naye. Alimwita mama yake kwa Kikisii. Alimwita tena, juu zaidi, mpaka simu ikakwaruza.

Kwa mbali, kutoka getini, wanawake wakamwitikia, nikawasikia wanakuja. Nilizima jiko, nikakaa sakafuni, nikamsikiliza analia.